Tikiti maji halikutoka Kibwezi

Swali ni lile lile, liulizwe Wote, Mwingi au ndani ya matatu ya kwenda Emali: je, wanasiasa wa Ukambani huitwa matikiti maji kwa kuwa Makueni wanalima matikiti? La. Nimejibu kwa upole kwa miaka mingi, na upole umekwisha.

Wanaoishikilia hadithi hii huisimulia kana kwamba walikuwepo. Eti wasafiri wa barabara ya Mombasa walizoea kununua matikiti Kibwezi na Makindu, wakayapasua, wakaona tabia ya wenyeji humo ndani. Wengine huongeza chumvi: ni msemo wa wazee wa Kikamba juu ya mtu mwenye nyoyo mbili. Haya, tutazame ramani. Aliyebandikwa jina hilo likamganda ni Kalonzo Musyoka, mtu wa Tseikuru, kaskazini mwa Kitui. Kibwezi iko kusini mwa Makueni, kaunti nyingine kabisa. Na lau matusi ya siasa yangechipuka shambani, mtu wa Makueni angeitwa embe, maana maembe ndiyo fahari yao, hata serikali ya kaunti ikajenga kiwanda cha kuyasindika Kalamba. Mbona hatujamsikia mheshimiwa Embe?

Kilicholeta tikiti ni rangi. Katika kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti 2010, tume ya uchaguzi iliwapa walioiunga mkono katiba mpya rangi ya kijani, waliopinga wakapewa nyekundu. Mwanasiasa aliyehubiri Ndiyo mchana, kisha akashukiwa kuwanong'onezea watu wake La usiku, akawa kijani nje, nyekundu ndani. Basi. Miaka mitano kabla ya hapo, katika kura ya maamuzi ya 2005, alama zilikuwa ndizi na chungwa. Ungemwita mtu tikiti maji, angekuuliza unauza bei gani.

Wala mzaha wenyewe hatukuubuni sisi. Huko Ulaya watetezi wa mazingira wameitwa matikiti maji na wapinzani wao kwa miongo kadhaa: kijani cha miti juu, wekundu wa ujamaa chini. Ujerumani ya enzi za Hitler, wanamgambo wa mashati ya kahawia walioshukiwa kuwa wakomunisti walifananishwa na nyama iliyochomwa juu juu, ndani bado mbichi. Hao nao walilima Kibwezi?

Kwa nini basi jina limgande Kalonzo, ilhali walioshukiwa 2010 walikuwa wengi? Hapo ndipo penye hoja. Mwaka 2007 aliwania urais akijinadi kwamba atapita katikati yao, yaani kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga. Akamaliza wa tatu, na Januari 2008 Kibaki akamteua Makamu wa Rais. Watu walikuwa tayari wamemzoea kama mtu wa katikati. Kisha katiba ikapita kwa takriban asilimia 67 nchini kote, lakini mkoa wa Mashariki, wenye Ukambani, ukaikataa pamoja na Bonde la Ufa. Wapinzani wake hawakuhitaji ushahidi mwingine, ingawa mpiga kura wa Kitui ana akili yake na hahitaji kunong'onezewa. Kwa maoni yangu, jina lilimwonea kiasi. Lakini jina la utani si hukumu ya mahakama.

Majina na misemo mingine ya siasa niipitie mbio. Charity Ngilu wa Kitui aliitwa Mama Rainbow kwa sababu ya muungano wa NARC (National Rainbow Coalition) wa 2002, si kwa mavazi. Chungwa la chama cha ODM ni lile la kura ya 2005. Nusu mkate ni serikali ya mseto ya 2008.

Ukitaka kujua asili ya msemo wowote wa siasa, uliza kwanza ulivuma mwaka gani, kukiwa na kura gani, na alama zilikuwa zipi. Fungua magazeti ya wakati huo katika maktaba au Nyaraka za Kitaifa, na kumbukumbu za mijadala ya Bunge. Maelezo yasiyo na mwaka yaliyosambazwa kwenye WhatsApp yafute. Na mwenye fulana, bango au kalenda ya kampeni za 2005 au 2010, tafadhali asiigeuze tambara la kupangusia meza: aiandikie mwaka na mahali ilipotoka, kisha aiweke.