Kabla Hujabadili Kamera, Itazame Lenzi

Je, wajua kwamba kamera ya DSLR hupiga video huku tundu lake la kutazamia likiwa giza tupu? Nyuma tu ya lenzi kuna kioo kidogo kilichoinama kwa digrii 45. Kioo hicho huurusha juu mwanga unaoingia, ukapita kwenye prizimu na kumfikia mpiga picha jichoni. Kitufe kikibonyezwa, kioo kinaruka, shata inafunguka, sensa inapata mwanga wake, kisha kila kitu kinarudi mahali pake kabla hujapepesa. Kwa picha mnato mpango huo ni mzuri mno. Kwa video haufai, maana kioo hakiwezi kupanda na kushuka kwa kila fremu, mara 25 kwa sekunde. Basi kinapandishwa na kuachwa juu muda wote wa kurekodi, na mpigaji anahamia kwenye skrini ya nyuma.

Kioo hicho kikipanda, kinaondoka na kitu kingine cha thamani: mfumo wa haraka wa kufokasi, ambao hupokea mwanga wake kupitia hichohicho kioo. Ndiyo maana kamera za kwanza za aina hii zilikuwa hodari kufokasi kwenye picha na dhaifu sana kwenye video. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkono wa mtu na pete ya lenzi. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini nasema kwamba anayetaka video nzuri kutoka DSLR aanze kuhesabu fedha zake kwenye lenzi, si kwenye mwili wa kamera.

Nikon D90 ndiyo DSLR ya kwanza kuuzwa ikiwa na uwezo wa video. Ilitangazwa Agosti 2008, na picha yake ilikuwa ya pikseli 1280 kwa 720. Wiki chache baadaye, Septemba 2008, Canon wakatangaza EOS 5D Mark II yenye video ya pikseli 1920 kwa 1080. Mpiga picha Vincent Laforet aliazima kamera hiyo kabla haijaingia sokoni, akapiga filamu fupi iitwayo Reverie usiku wa New York kwa wikiendi moja. Waliotazama walishangazwa na giza lile lililojaa rangi bila chengachenga, na taa za nyuma zilizoyeyuka kuwa miduara laini. Mwaka 2010 kipindi cha mwisho cha msimu wa 6 wa tamthilia ya televisheni ya Marekani, House, kikapigwa kwa 5D Mark II. Kifaa kilichoundwa kwa picha mnato kilikuwa kimeingia kwenye kazi za kamera za bei kubwa mara nyingi zaidi yake.

Nguvu ilikuwa kwenye sensa. Ya 5D Mark II ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawa na fremu ya filamu ya zamani ya milimita 35. Kamera nyingi za video za wakati ule, zile za kushika mkononi, zilikuwa na sensa ya takribani milimita 5 kwa upana. Sensa ndogo huhitaji lenzi fupi, na lenzi fupi huonyesha kila kitu kwa ukali uleule: uso wa bwana harusi, maua ya mezani, na waya wa spika ukutani. Sensa kubwa humruhusu mpigaji kuchagua. Anaweza kuuacha uso ukiwa mkali na ukuta ukafifia, na mtazamaji akajua macho yake yaende wapi bila kuelekezwa kwa maneno.

Sasa tuje kwenye lenzi yenyewe. Namba ya kwanza iliyoandikwa juu yake, kwa mfano milimita 50, ndiyo inayoamua itaona eneo pana kiasi gani. Kwenye sensa ya milimita 36, lenzi ya 50 huona takribani digrii 40 kwa upana. Ihamishie kwenye DSLR za bei nafuu za Canon, ambazo sensa yake ina upana wa milimita 22 tu, na inaona digrii 25 hivi, kana kwamba ni lenzi ya milimita 80. Sebuleni, kwenye kitchen party iliyojaa watu, utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta na bado mama mzazi atakatika kwenye picha. Mwenye sensa ndogo afikirie kwanza lenzi ya 24, 28 au 35, na ile ya 50 aiweke kwa mahojiano na nyuso.

Namba ya pili, ile ya f, ndiyo inayonivutia zaidi. Hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la karibu milimita 28. Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 inadai tundu la milimita 71, na hapo unaona kwa nini ni nzito na kwa nini bei yake inatisha. Stanley Kubrick alipotaka kupiga filamu ya Barry Lyndon, iliyotoka 1975, kwa mwanga wa mishumaa, alitumia lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye f/0.7, zilizotengenezwa kwa ajili ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Zilitengenezwa 10 tu. Lenzi ya f/1.8 inayouzwa madukani leo hupitisha kiasi cha moja ya sita au ya saba ya mwanga ule, na kwa kitu cha bei yake hiyo ni sifa kubwa.

Tundu kubwa lina gharama yake. Mtu akisimama mita 2 kutoka kwenye kamera ya sensa kubwa, lenzi ya 50 kwenye f/1.8 huacha eneo kali lenye kina cha sentimita 17 hivi. Kwa picha mnato hiyo inatosha, kwa kuwa mtu anatulia. Kwa video bibi harusi anatembea, na kila hatua yake ni ndefu kuliko sentimita 17. Nimetazama video nyingi za harusi ambamo shela ni kali na macho yamefifia, na huwa inaniuma, kwa sababu tendo hilo halirudiwi. Ushauri wangu: f/1.8 ibaki ya dharura ya giza. Fanya kazi kwenye f/2.8 au f/4, ambako bado nyuma panalainika na mkono wako una nafasi ya kumfuata mtu.

Kuna jambo la shata ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Ili mwendo uonekane wa kawaida, muda wa shata huwekwa karibu nusu ya muda wa fremu. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata inakuwa 1/50. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutumia hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Shata ya 1/50 hukamata mapigo mawili kamili, basi kila fremu inapata mwanga ulio sawa. Shata ya 1/60 hukata pigo la pili katikati, na ndipo ile mistari ya giza inapopita juu ya ukumbi mzima. Kamera nyingi zinazoletwa kutoka Marekani zimewekwa kwenye NTSC, yaani fremu 30 na shata ya 1/60. Ingia kwenye menyu, weka PAL, yaani fremu 25. Hata 5D Mark II ilianza na fremu 30 pekee, na wapigaji wakasubiri programu mpya ya Machi 2010 iliyowaletea 24 na 25.

Shata ikishafungwa kwenye 1/50, mchana unakuwa mgumu. Kwenye jua kali la saa saba, ukiwa na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga), kamera itakutaka ubane tundu hadi f/22. Hapo ule ulaini wa nyuma umekwisha. Kurudi hadi f/2.8 unahitaji kupunguza mwanga mara 64, na kazi hiyo ni ya filta ya ND, kioo cha kijivu kinachofungwa mbele ya lenzi. Nunua moja yenye kipenyo cha lenzi yako kubwa kuliko zote, kisha pete za kupunguzia kwa zile ndogo.

Mambo mengine ya kutazama kwenye lenzi ya video huwezi kuyajua kwa kusoma namba zake. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera huanza na f/3.5 na kuishia f/5.6. Ukizumu huku unarekodi kwenye tundu lake kubwa kabisa, mwanga unapungua zaidi ya mara mbili na mtazamaji anaona picha ikizama. Lenzi nyingine, ukizungusha fokasi, fremu nzima inapanuka au kubana kidogo, kitu ambacho mpiga picha mnato hana sababu ya kukiona. Nyingine zina mota inayonguruma mpaka kwenye maikrofoni ya kamera. Canon EF 50 f/1.8 ya 2015, yenye alama ya STM, ina mota tulivu kuliko ile ya 1990 iliyoirithi. Ila pete yake haijashikamana na vioo: inatuma amri kwa mota, na haina mwisho inapogonga, kwa hiyo vidole haviwezi kukariri mahali.

Hapa lenzi za zamani zinastahili heshima yao. Nikkor, yaani lenzi za Nikon, za kuzungusha kwa mkono za miaka ya 1970 na 1980 zina pete nzito inayokwenda polepole na kugonga mwisho kila upande, na zina pete yake ya tundu. Pia zinakaa kwenye Canon kwa adapta nyepesi isiyo na kioo ndani. Sababu ni umbali kati ya pete ya kufungia lenzi na sensa: Nikon ni milimita 46.5 na Canon EF ni milimita 44, basi zile milimita 2.5 zinatosha unene wa adapta. Kinyume chake hakiwezekani bila kuongeza kioo au kupoteza fokasi ya mbali. Jihadhari tu kwamba pete ya Nikon huzunguka kinyume na ya Canon, na mkono uliozoea moja utakosea kwenye nyingine.

Ukiipata lenzi ya mtumba, hasa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, usiridhike na mng'ao wa nje. Hewa yenye unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi la ngozi miaka mingi ndiyo yenye hatari zaidi. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mshazari kutoka mbele. Kisha bana tundu na uangalie bapa zake: zikiwa na mafuta, zitakwama au kuchelewa. Mwisho zungusha pete ya fokasi kutoka karibu hadi mbali, taratibu, ukisikiliza kwa vidole kama kuna mahali inalegea au kusaga mchanga. Ikipita hapo, lipa, na siku hiyohiyo iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa, pamoja na vifuko vya silika jeli.