Kwa nini kamusi ya kompyuta hukwama katika Kiswahili

MWANAFUNZI wa kompyuta jijini Eldoret anayetaka kuunda programu ya kufundishia msamiati wa Kiingereza halazimiki kuandika kamusi. Kazi hiyo ilikwisha kufanywa, na matunda yake hutolewa bure.

Kinachomfaa ni kile ambacho wataalamu hukiita maktaba ya programu. Hii si nyumba ya vitabu, bali ni fungu la maagizo yaliyoandikwa tayari, ambalo mtunzi wa programu huliunganisha na kazi yake. Akiuliza neno, maktaba hiyo hulitafuta katika hazina yake na kurudisha maana, visawe na mifano ya matumizi.

Hazina mashuhuri ya Kiingereza ni WordNet, iliyoanzishwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, chini ya mwanasaikolojia George Miller. Toleo la 3.0 la mwaka 2006 lina maneno zaidi ya 150,000. Yenye maana moja huwekwa katika kundi moja, na makundi hayo huunganishwa kwa uhusiano wa maana, kama ule wa mbwa na mnyama.

Kiingereza kina wepesi wake. Neno "books" likiondolewa herufi ya mwisho, kompyuta huipata "book". Yanayokiuka kanuni, kama "went", huwekwa katika orodha maalumu.

Kiswahili hakikubali njia hiyo. Mtu akitafuta "walipotuandikia" kama lilivyo, hatalipata katika kamusi. Sharti kwanza lichambuliwe: "wa" ni watenda, "li" wakati uliopita, "po" wakati wa tendo, "tu" watendewa, na "i" baada ya mzizi "andik" ni kauli ya kutendea. Hapo ndipo "andika" hupatikana. Msemaji hufanya hivyo bila kufikiri. Programu ya kamusi haiwezi mpaka ifundishwe.

Jitihada zimekuwapo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, aliunda mfumo wa SALAMA unaochambua maneno ya Kiswahili. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha kamusi ya Kiswahili ya intaneti katika Chuo Kikuu cha Yale. Hata hivyo, kamusi nyingi ni vitabu vyenye hakimiliki, na mtunzi wa programu hawezi kuvinakili bila idhini.

Mitambo mikubwa ya akili unde hujibu maswali kwa Kiswahili, lakini iliyo mingi hutegemea intaneti. Kamusi ndogo iliyohifadhiwa katika simu humfaa hata mwanafunzi asiye na fedha za kununua data.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoko Kesses karibu na Eldoret, hufundisha Kiswahili na vilevile taaluma za habari. Wajuzi wa sarufi na watunzi wa programu wasiposhirikiana, mtoto wa Uasin Gishu ataendelea kufafanuliwa maneno ya Kiingereza na simu yake, huku ya Kiswahili akiambiwa hayapo.