Betri ya basi la umeme inapokaa kimya: hitilafu hutafutwa wapi?

Mjini Nairobi na Kigali, mabasi ya umeme sasa hubeba abiria sambamba na yale ya dizeli. Miongoni mwa hitilafu zinazoweza kulikwamisha basi la aina hiyo, iko moja inayoshangaza: seli zote za betri ni nzima na zina chaji, lakini kompyuta ya betri inakataa kupeleka umeme kwenye mota kwa kuwa haipati vipimo vya baadhi ya seli. Kukataa huko kuna sababu. Seli ya lithiamu isiyopimwa yaweza kuchajiwa kupita kiasi na kuwaka moto.

Kazi ya kupima hufanywa na chipu ndogo. Mojawapo inayojulikana sana ni LTC6811 ya kampuni ya Marekani ya Analog Devices, ambayo hupima seli 12. Betri yenye seli 180 za volti 3.2 zilizounganishwa kwa mfululizo hufikia volti 576, na huhitaji chipu 15 za namna hiyo. Amri ya kompyuta huingia chipu ya kwanza, ikapita ya pili, hadi ya mwisho, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Kwa sababu kila chipu imesimama kwenye volti za juu kuliko iliyotangulia, ishara hupitishwa katika waya mbili zilizosokotwa na transfoma ndogo.

Mpangilio huo wenyewe humwonyesha fundi pa kuanzia. Ikiwa chipu ya 1 hadi ya 6 zinajibu, na kuanzia ya 7 kuna ukimya, basi kasoro iko baina ya 6 na 7: waya, soketi, transfoma, lehemu iliyoachia, au mojawapo ya chipu hizo mbili. Zile za 8 hadi 15 huenda hazina neno lolote, na kubadilisha betri nzima ni hasara tupu. Majibu yanayokuja yakiwa yamevurugika, hasa mota inapozunguka, ni habari nyingine: hapo hushukiwa mawimbi ya umeme yanayoingilia waya.

Kabla ya kulaumu mawasiliano, sharti umeme wa chipu upimwe. Chipu hula kutoka kwenye seli zilezile inazozipima, na transista iliyo kando yake huitengenezea volti 5. Volti hizo zikikosekana wakati chipu inapaswa kuwa macho, haiwezi kujibu. Waya wake wa hasi ukilegea, umeme hurudi kupitia waya wa kipimo, na seli ya chini kabisa huonekana mbovu ilhali mita ya mkononi inaionyesha nzima. Vipimo hivi si vya kubahatisha: volti 576 huua, na osiloskopu iliyounganishwa na ardhi ikishikizwa popote katika mnyororo yaweza kuleta shoti.

Tatizo gumu zaidi ni la usingizi. Chipu isiyosikia amri halali kwa takriban sekunde 2 hulala ili isimalize chaji. Mlango wake wa mawasiliano husinzia mapema zaidi, pengine baada ya milisekunde 4.3 tu za ukimya. Kuamka huweza kuchukua hadi milisekunde 0.4 kwa kila chipu, moja baada ya nyingine. Kwa chipu 15 hiyo ni milisekunde 6. Kwa hiyo ya kwanza yaweza kusinzia tena kabla ya ya mwisho kuamka. Ndiyo maana programu iliyofanya kazi bila kasoro mezani kwa chipu mbili huweza kushindwa ndani ya basi. Dawa yake haiko kwenye waya. Kompyuta hupangwa itume ishara ya kuamsha mara 15, moja kwa kila chipu, badala ya kutuma moja na kungoja.

Kama umeme upo na kuamsha kumefanyika sawasawa, linabaki jaribio jepesi. Betri ikiwa imetenganishwa kwa utaratibu wa usalama, bao la chipu inayoshukiwa hubadilishana nafasi na bao zima la mahali pengine. Ukimya ukihama pamoja na bao, bao ndilo bovu; ukibaki palepale, waya na soketi za mahali hapo ndizo za kufunguliwa.