Nywele za mawimbi kwa binti yako: moto hauhitajiki

Sikukuu inapokaribia, au kukiwa na harusi ya ndugu, binti huja na ombi lake: "Mama, na mimi nataka nywele za mawimbi." Ombi hilo halina ubaya wowote. Shida ni njia tunayoitumia kumpatia.

Kipindi hicho cha sherehe ndicho tunachopokea zahanati watoto walioungua kwa maji ya kuchovyea rasta, au walioguswa sikio na pasi ya nywele. Mmoja niliyemhudumia alikuwa na miaka sita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, jagi la maji yaliyotoka kuchemka likiwa nyuma yake. Mdogo wake akamwita, akageuka ghafla, maji yakamwagika shingoni na mgongoni. Aliyekuwa akimsuka ni shangazi yake, na hakuwa mtu mzembe. Alifanya kama alivyoona wengine wakifanya.

Ndiyo maana nataka ujue jambo hili kabla ya sherehe ijayo: nywele za mtoto zinaweza kupata mawimbi mazuri bila moto wowote.

Mawimbi hutokea vipi?

Nywele imeundwa kwa protini inayoitwa keratini. Ndani yake mna viunganishi vidogo sana vinavyoshikilia umbo la nywele. Nywele ikilowa, viunganishi hivyo hulegea. Ikikauka, hujifunga upya, na nywele hubaki katika umbo ililokuwa nalo wakati inakauka. Ukiisuka ikiwa na unyevu na kuifumua ikiwa kavu, unapata mawimbi.

Pasi nayo hulegeza viunganishi hivyo hivyo, ila kwa haraka zaidi. Na mawimbi ya pasi pia huondoka nywele zikilowa au zikipata jasho jingi. Kwa hiyo kikubwa unachopata kwa moto ni kuokoa muda.

Njia isiyotumia moto

Anza jioni, au asubuhi ya siku yenye jua.

1. Osha nywele, suuza vizuri, kisha kandamiza kwa taulo mpaka ziache kudondosha maji. Usisugue.
2. Paka mafuta kidogo, kwa mfano ya nazi. Chana kwa chanuo lenye meno mapana, ukianzia nchani na kupanda taratibu kuelekea kichwani.
3. Gawa nywele mafungu. Mafungu madogo hutoa mawimbi madogo yaliyokaribiana, makubwa hutoa mawimbi mapana.
4. Suka kila fungu hadi nchani. Ukitaka mawimbi laini zaidi, ligawe fungu mara mbili usokote badala ya kusuka.
5. Acha zikauke kabisa. Akilala, mfunge kitambaa laini cha satini. Nywele nyingi za kipilipili zinaweza kuchukua hata siku nzima. Ukifumua zikiwa bado na unyevu ndani, mawimbi hayatakaa.
6. Fumua kwa vidole vilivyopakwa mafuta kidogo, kisha tenganisha polepole. Usipitishe kitana tena, kitayaharibu mawimbi.

Usikaze sana

Kukaza kupita kiasi kunamuumiza mtoto bure. Mtoto akilia anaposukwa, akishindwa kulala kwa maumivu, au ukiona ngozi ya paji imevutwa, legeza au fumua. Usimwambie avumilie mpaka azoee.

Angalia pembeni mwa uso na nyuma ya shingo. Vipele vidogo, nywele zinazokatika, au sehemu inayoanza kuwa wazi ni dalili kwamba mashina ya nywele yanavutwa. Ukiacha kukaza mapema, nywele huota tena. Mvuto ukiendelea kwa miaka, shina hufa, na hakuna mafuta yatakayolirudisha.

Tumia pia chanuo la mtoto mwenyewe. Choa cha kichwani huambukizwa kwa kuchangia vitana, kofia na vitambaa. Ukiona mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, mpeleke kituo cha afya. Choa cha kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi.

Kuhusu rasta na maji ya moto

Kwa mtoto, nunua rasta zilizokwisha kuwekewa mawimbi kiwandani, na ncha zifungwe fundo au uzi. Usichovye maji ya moto rasta zilizo kichwani mwa mtoto. Maji ya nyuzi joto 60 tu huweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Maji yanayochemka hayampi muda hata wa kuruka.

Ikiwa wewe mwenyewe unatumia pasi

- Nywele ziwe kavu kabisa. Maji yaliyomo ndani ya nywele huchemka na kuipasua.
- Tumia joto la chini, lisizidi nyuzi 180, na upitishe mara moja tu kwa kila fungu.
- Acha nafasi kati ya pasi na ngozi ya kichwa.
- Kama nywele zina dawa, tayari zimedhoofika. Tumia njia ya kusuka.
- Ukimaliza, chomoa pasi na uiweke juu, waya usining'inie. Hubaki ya moto kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa.

Mtoto akiungua

1. Mwondoe kwenye moto au maji, mvue nguo na hereni au mkufu ulio karibu na jeraha. Kilichogandia kwenye ngozi usikivute.
2. Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Yasiwe ya barafu. Kama hakuna bomba, mimina kwa kikombe bila kuchoka. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe asipate baridi.
3. Funika jeraha kwa kitambaa safi, bila kukaza.
4. Usipake dawa ya meno, yai, asali, mafuta wala unga. Usipasue malengelenge.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ikiwa ameungua usoni, shingoni, mikononi au sehemu za siri, ikiwa kuna malengelenge, au jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake. Mtoto mchanga apelekwe hata kama jeraha linaonekana dogo.

Yule mtoto wa miaka sita alipona, ingawa kovu bado lipo shingoni. Siku hizi shangazi yake humsuka jioni, akalala nazo, asubuhi wakazifumua pamoja. Jaribu na wewe mwishoni mwa wiki hii, kabla ya haraka za sherehe.