Chumvi Ni ya Mboga, Si ya Mguu

"Daktari, kwa beseni moja niweke vijiko vingapi vya chumvi?" Swali hili hunifuata kutoka Wote hadi Mutomo. Jibu ni sufuri. Nikishalitoa, muulizaji hutabasamu kwa heshima, kisha huuliza kama ya mawe ni bora kuliko ya kupikia.

Imani ya wagonjwa hawa wa kisukari ni kwamba miguu imekufa ganzi, au inawaka moto usiku, kwa sababu sukari imeteremka ikatuama kwenye nyayo, basi maji moto ya chumvi yaivute itoke. Hakuna sukari iliyotuama popote. Iko kwenye damu, nayo damu huuzunguka mwili mzima kwa muda wa kama dakika moja. Kilichoharibika ni mishipa ya fahamu, na ile mirefu inayofika vidoleni ndiyo hutangulia kuumia. Chumvi ingekuwa inavuta sukari kupitia ngozi, wavuvi wa Lamu wasingeijua kliniki ya kisukari.

Tena si kwamba haifai tu. Anayetaka kuloweka miguu ndiye hasa asiyehisi joto. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache; mwenye miguu mizima ataruka, mwenye ganzi ataendelea kupiga gumzo. Kesho yake yakitokea malengelenge, naambiwa dawa imeanza "kutoa uchafu". Uchafu gani? Hiyo ni ngozi iliyoungua! Hata maji yakiwa vuguvugu, kuloweka sana hulegeza ngozi ya katikati ya vidole na kuacha visigino vikavu vikipasuka, na vijidudu hupata pa kuingilia. Damu isipofika mguuni vizuri, ufa huo hugeuka donda ndugu. Katika kila wagonjwa 100 wa kisukari wanaokatwa mguu, takriban 85 walianza na kidonda.

Mliokwisha kuhamia kwenye majivu na unga wa betri, jibu lenu ni hilohilo. Na moto wa usiku ukikoma wenyewe, usishangilie upesi: huenda ganzi ndiyo imekamilika. Moto huo una vidonge vyake, ambavyo daktari wako anavijua, muulize.

Sasa yanayofaa, kwa haraka. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni au mwite mjukuu. Osha kwa maji ambayo asiye na ganzi ameyapima kwa kiwiko, kausha, paka mafuta ila si katikati ya vidole. Kucha zikate kwa mstari ulionyooka. Sugu usiiguse kwa wembe. Usitembee peku, hata ndani ya nyumba, sembuse kwenye mchanga wa mto Tiva saa saba mchana ukienda kuchota maji. Malapa mepesi hayazuii mwiba wa mgunga. Viatu vya mtumba vijaribu jioni, mguu ukiwa umejaa, na uvikung'ute kila unapovaa. Kliniki vua soksi bila kuambiwa, angalau mara moja kwa mwaka, upimwe hisia kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 na mapigo ya damu mguuni yaguswe.

Ukiona lengelenge, kidonda, weusi mpya, harufu, au mguu mmoja umevimba na kuwa na joto zaidi kuliko mwenzake, nenda hospitali ya rufaa ya Kitui au ya Wote siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki, na usijikaze kiume.