Shimo la Taka na Mazuti ya Kesho

Butembo na Beni zilipewa hadhi ya mji mwaka 2003. Butembo ina komuni za Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni ina Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Katika komuni hizo nane hakuna dampo la kisasa hata moja. Taka zinaishia zinakoweza: mabondeni, kwenye mifereji, pembeni mwa barabara, na kwa Butembo, kwenye mto Kimemi unaopita katikati ya mji. Kila suala hili linapozuka, iwe redioni au kwenye kikao cha karitye, jibu linalotangulia ni lile lile: atafutwe mfadhili atuchimbie shimo. Naamini hapo tunaanzia mwisho.

Dampo la kisasa si shimo tu. Chini hushindiliwa udongo wa mfinyanzi, juu yake ikatandikwa karatasi nene ya plastiki, kisha mabomba ya kukusanya maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka, yasije yakafika kwenye chemchemi ambazo watu wanateka. Kila jioni katapila hushindilia taka zilizoletwa siku hiyo na kuzifunika kwa udongo. Kazi hiyo ya jioni ndiyo dampo lenyewe. Katapila likikosa mazuti kwa wiki mbili, moshi na nzi wanarudi, na kwenye milima yetu yenye mvua nyingi uchafu unaanza kuteremka kwenda kwa jirani wa bondeni.

Kongo yetu imekwisha kulipitia jambo hili, tena kwa ukubwa. Umoja wa Ulaya uligharimia mpango wa usafi wa Kinshasa uliojulikana kama PAUK. Vilijengwa vituo vya kukusanyia taka ndani ya komuni, malori yakawa yanazichukua humo, na huko Mpasa, komuni ya Nsele, likatengenezwa dampo lililofuata kanuni. Mpango ulifanya kazi. Mwaka 2015 ufadhili ukafika mwisho na jukumu likaachiwa mji. Vituo vilevile vilivyokuwa fahari vikaanza kufurika, taka zikarudi kwenye mito na mifereji, na Oktoba 2019 Rais Félix Tshisekedi akazindua operesheni ya kusafisha mji iliyopewa jina la Kin Bopeto, kana kwamba hakuna kilichowahi kujengwa. Mpasa haikukosa shimo. Ilikosa fedha za kila mwezi za kulifikia.

Wafanyabiashara wetu wanaopanda Kampala kila wiki wanaijua habari ya Kiteezi. Dampo lile lilifunguliwa mwaka 1996 kwa mipango mizuri, likajaa, likaendelea kupokea taka miaka na miaka baada ya kujaa, kwa sababu kuamua mahali papya kulikuwa kugumu kuliko kuongeza kimo cha mlima uliopo. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomokea nyumba. Waliokufa walizidi 30, wakiwemo watoto. Mwezi uliofuata wakuu wa mamlaka ya jiji waliachishwa kazi. Lakini waliokuwa wamejenga chini ya mlima ule hawakuporomokewa na kosa la siku moja.

Sasa tujiangalie sisi. Asubuhi kijana anapita na pusupusu lake kwenye avenyu, anapiga mluzi, mama anatoa gunia na kumpa franka chache. Ndani ya gunia mna maganda ya ndizi na ya viazi, majani ya kabeji yaliyooza, mabua ya sombe, majivu, na juu kabisa vifuko vyeusi vya plastiki, ingawa amri ya Desemba 2017 ilipiga marufuku kuvitengeneza, kuviingiza nchini na kuviuza. Kijana anashuka na mzigo wake, pusupusu linamvuta kwenye mteremko hadi anakaribia kuangukia mbele yake. Akifika ukingo wa Kimemi anaangalia kushoto na kulia, anainua mikono ya pusupusu, na gunia linakwenda na maji. Tumlaumu? Mama amelipa. Kijana amefanya kazi aliyolipwa. Kinachokosekana ni mahali pa tatu, pale ambapo mji ungepokea mzigo kutoka mikononi mwa kijana na kuupeleka mbele.

Na mahali hapo ni pagumu kupatikana kuliko wataalamu wa nje wanavyodhani. Kanuni inasema dampo liwe mbali na makazi. Kwetu, mbali na makazi ndiko hatari iliko. Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, wakulima wengi wa Beni wameacha mashamba yaliyo nje ya mji, na kwenye barabara ya Kasindi magari yamechomwa na watu kuuawa. Nani atamtuma dereva na lori la taka kilomita kumi na tano porini jioni? Na ardhi ya ndani ambako kuna usalama kidogo imejaa. Baada ya Kanyabayonga kutekwa na waasi Juni 2024, wakimbizi walimiminika kuelekea Lubero na Butembo. Baada ya Goma, makao makuu ya jimbo letu, kuanguka mikononi mwao Januari 2025, utawala wa jimbo ulihamia Beni. Watu wameongezeka, kiwanja kimebaki kilekile. Mchoro wa dampo uliochorwa kwa ajili ya mji wenye amani hauwezi kuletwa hapa ukabandikwa.

Tena hapa kwetu mradi ulioletwa juu ya vichwa vya watu haupuuzwi tu, unakataliwa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, ikiwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Fedha zilikuja, magari yakaja. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kwamba Desemba 2018 tulizuiwa kupiga kura kwa hoja ya ugonjwa na usalama, huku masoko na makanisa yakiendelea kujaa. Imani ilikuwa imekwisha. Yeyote anayetaka kuwaambia wakazi wa karitye fulani kwamba taka za mji mzima zitaletwa nyuma ya nyumba zao, akumbuke mwezi ule wa Februari.

Kuhusu fedha, karatasi ni nzuri. Katiba ya 2006 inabakiza jimboni asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa humo, na sheria ya 2008 inaipa miji na komuni asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Utekelezaji haujawahi kukamilika. Tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na meya ni afisa wa polisi anayeweza kuhamishwa wakati wowote, wakati dampo linahitaji mtu wa kuliangalia kwa miaka ishirini. Uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 ulifanyika kwenye komuni za makao makuu ya majimbo tu. Kwa hiyo hakuna baraza lililochaguliwa la kumwuliza meya fedha za mazuti zimeenda wapi. Benki ya Dunia iliandika mwaka 2018 kwamba miji ya nchi maskini hutumia karibu asilimia 20 ya bajeti yake kwa taka, na bado huokota chini ya nusu ya taka zake.

Hata hivyo sioni sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa Butembo imezoea kujifanyia. Enzi za Askofu Emmanuel Kataliko raia walitengeneza barabara kwa mikono yao, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 kwa nguvu za hapahapa. Salongo, kazi ya pamoja ya jamii, tunaijua. Na sehemu kubwa ya uchafu wetu ni chakula na majani: ukitenganishwa sokoni, unaweza kuoza vizuri na kurudi shambani kama mbolea, kwa wakulima wanaoihitaji. Shimo litakalobaki kuchimbwa litakuwa dogo, na litachelewa kujaa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa ofisi za meya wa Butembo na Beni, kwa utawala wa jimbo, na kwa shirikisho la wafanyabiashara, FEC. Kabla ya mfadhili yeyote kukaribishwa kuweka jiwe la msingi, bandikeni ukutani, kila karitye, hesabu ya mwezi mmoja: lita za mazuti, mishahara ya madereva, matengenezo ya katapila, na jina la mfuko utakaolipa mfadhili akishaondoka. Kisha waiteni vijana wa pusupusu, wapeni kadi, na mwaambie ni wapi hasa watamwaga mzigo wao kuanzia Jumatatu.