Kamera na Kihisi Mwendo: Kutambua Kitu Kinachosogea

Mwaka 2010 watafiti walianza kutega kamera katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kamera zilifika 225, katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Hakuna mtu aliyekaa porini kubonyeza kitufe; kila kamera ilisubiri ishara ya kihisi mwendo kilichomo ndani yake. Hata hivyo, katika picha zipatazo milioni 3.2 za mradi huo, takriban robo tatu hazikuwa na mnyama yeyote. Kwa nini kamera ipige picha ya nyasi tupu?

Tuanze na kihisi. Kila mwili wenye joto hutoa mionzi ya infraredi. Mnyama mwenye jotoridi la karibu 37 °C hutoa kwa wingi mionzi yenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 10, ambayo jicho halioni. Ndani ya kihisi kuna fuwele inayotoa volti ndogo jotoridi lake linapobadilika. Shika neno hilo, linapobadilika. Ukiandika kwamba kihisi "hupima joto la mnyama" umekosea: simba akilala mbele yake saa nzima bila kujigeuza, kihisi kitakaa kimya.

Fuwele hiyo huwa na vipande viwili vilivyounganishwa kinyume. Jua likipasha vyote kwa pamoja, volti zao hufutana. Pundamilia akikatiza, mionzi yake hufikia kipande kimoja, kisha cha pili. Volti hupanda, halafu hushuka. Hiyo ndiyo ishara ya mwendo. Lakini nyasi zilizochomwa na jua, zikiyumba kwa upepo mbele ya ardhi yenye jotoridi tofauti, huleta mabadiliko yaleyale. Kumbe picha tupu zina sababu. Kosa la kinyume pia lipo: mchana wa joto kali ardhi hukaribia jotoridi la mwili wa mnyama, tofauti hupungua, na mnyama anaweza kupita bila kihisi kushtuka. Kobe, ambaye jotoridi lake hufuata mazingira, hukosekana kwa urahisi zaidi.

Kamera huona vingine. Programu hulinganisha picha mbili zilizofuatana, pikseli kwa pikseli; penye tofauti kubwa pamesogea kitu. Kamera hutupa umbo na mistari, jambo ambalo kihisi hakiwezi kabisa. Ila hudanganywa na kivuli cha wingu, na ikiachwa wazi siku nzima humaliza betri.

Njia ya kwanza ya kuviunganisha ni zamu. Kihisi, kinachotumia umeme kidogo sana, hukesha. Kikishtuka huiamsha kamera. Umeme unaokolewa, lakini alichokosa kihisi, kamera haitakiona kamwe.

Njia ya pili ni kuviacha vyote vikeshe, kisha kuweka kanuni. Kwa kanuni ya NA, kitu hukubaliwa vyote viwili vikikubaliana. Kivuli cha wingu hukataliwa, kwa kuwa hupoza ardhi polepole na vipande vyote viwili vya fuwele hupata badiliko lilelile. Kwa kanuni ya AU, kimoja kikishtuka kinatosha: wanyama wachache hukosekana, ila ishara za uongo huongezeka. Mlinzi wa ghala anaweza kuvumilia ishara za uongo kuliko mwizi mmoja kupita.

Nyasi za moto hudanganya vyote viwili, kwa hiyo NA peke yake haitoshi. Inabidi umbo litambuliwe. Serengeti, watu wa kujitolea walitambua wanyama pichani kupitia intaneti, na majibu yao yakatumika kufunza programu za kompyuta.

Swali. Kifaa cha zamu kimewekwa ndani ya chumba, nyuma ya dirisha la kioo lililofungwa, kikitazama njia. Watu wanapita, lakini hakuna picha. (a) Eleza sababu. (b) Kokotoa masafa ya mionzi ya mikromita 10.

Jibu. (a) Kioo cha kawaida hupitisha mwanga unaoonekana lakini huzuia infraredi ya urefu huo wa wimbi. Kihisi hakishtuki, hivyo kamera haiamshwi, ingawa ingewaona watu hao vizuri.

(b) f = v ÷ λ = (3 × 10⁸ m/s) ÷ (1 × 10⁻⁵ m) = 3 × 10¹³ Hz. Usisahau kugeuza mikromita kuwa mita kabla ya kugawanya.